Vichimbakazi wa Ulaya na Mabawa Waliyopewa

Zamani kidogo, nilipokuwa karani wa daraja la chini, niliwekewa mezani mswada wa hadithi za watoto uliofasiriwa kutoka Kiingereza, nikaambiwa niutazame lugha yake kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Ndani yake alikuwamo kiumbe wa kike, mdogo kama panzi, mwenye mabawa ya kipepeo na kijiti chenye nyota kwenye ncha yake. Mfasiri alimwita malaika katika ukurasa wa tatu, jini katika ukurasa wa saba, na pepo katika ukurasa wa kumi na moja. Niliandika pembezoni kwamba huyu si malaika, kwani hatumwi na Mungu. Wala si pepo, kwani pepo wa kwetu hutaka ngoma na ubani, naye hataki kitu. Wala si jini, kwani hakuna mtu yeyote katika hadithi ile aliyemwogopa. Mkubwa wangu, mtu wa maneno machache, aliurudisha mswada akiwa ameongeza swali moja kwa wino mwekundu: "Basi ni nani?"

Nilifungua kamusi nikakuta neno kichimbakazi, nikaliandika, na jalada likafungwa. Swali lenyewe halikufungwa. Kila nilipoendelea kusoma, maana elimu yangu ni ya sekondari na iliyobaki nimeitafuta mwenyewe maktabani, niliona kwamba neno lile lilimfaa kiumbe wa mswada na halikuwafaa kamwe wazee wake. Mwanafunzi wa sarufi ataniambia kwamba ki- ya kichimbakazi si lazima iwe ya udogo, maana twasema pia kijana na kiongozi. Ni kweli. Walakini sikio la Mswahili likisikia ki- mbele ya jina la kiumbe asiyemjua, mara humwona mdogo. Kwa huyu mwenye nyota, neno lilikaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Kwa wale wa kale, ambao watu wa Scotland, Ireland na Wales walihesabu kuwa wanaishi nao bega kwa bega kwa karne nyingi, halikai. Wale aghalabu hawakuwa wadogo kiasi hicho, hawakuwa na mabawa, na habari zao hazikuwa za watoto.

Nayaandika haya kwa ajili ya walimu na wanafunzi wao, ambao humkuta kiumbe huyu katika vitabu vya Kiingereza na katika televisheni, wakadhani kwamba hivyo ndivyo Ulaya ilivyomjua siku zote. Sisi tunaolalamika, na tuna haki ya kulalamika, kwamba wageni waliziandika mila zetu kwa haraka, hatuna budi kujihadhari tusizisome za kwao kwa haraka hiyohiyo.

Watu wa vijijini huko hawakupenda kuwataja wenzao hao kwa jina lao. Huko Scotland waliwaita Majirani Wema. Ireland, Watu Wema. Wales, Jamaa Wazuri. Na Iceland huitwa hata leo Watu Waliofichika. Msomaji asidhani kwamba sifa hizo ni za mapenzi. Bibi yangu hakuruhusu neno nyoka litamkwe nyumbani kwake baada ya magharibi. Tulisema kamba, wala hatukuwa tukiisifu kamba. Mtu humwita mwema yule anayemhofia, ili kama yuko karibu anasikiliza asipate sababu.

Shahidi mkubwa wa imani hiyo ni Robert Kirk, kasisi wa Aberfoyle huko Scotland, msomi wa Kigaeli aliyesimamia upigaji chapa wa Biblia ya lugha hiyo mjini London mwaka 1690. Mnamo 1691 na 1692 aliandika risala juu ya watu hao, naye hakuiandika kwa dhihaka. Aliona kwamba kuthibitisha kuwako kwa viumbe wasioonekana ni kuitetea dini mbele ya wale wasioamini kitu. Kwa maelezo yake, wao wako baina ya mwanadamu na malaika. Miili yao ni myepesi kama wingu. Hukaa chini ya vilima, na kila robo ya mwaka huhama makao. Wenye macho ya pili, asema, waliwaona hata mazikoni wakisaidia kubeba jeneza pamoja na waombolezaji. Kirk alifariki mwaka 1692, na hadithi ya kijiji ni kwamba alianguka katika kilima kilekile alichozoea kukizuru. Watu wake hawakukubali kwamba amekufa. Walisema amechukuliwa. Risala yake ilikaa katika mswada hadi mwaka 1815 ndipo ikapigwa chapa.

Jirani ana haki zake, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ukiyasoma masimulizi hayo kwa wingi utaona kwamba hayasemi sana juu ya uzuri wa majirani hao. Yanasema juu ya mipaka. Usijenge nyumba juu ya njia yao. Usikate mti wa miiba uliosimama peke yake shambani. Usiwamwagie maji machafu mlangoni bila ya kuwaonya. Ukiingia kwao usile chakula chao, kwani ukila hutoki. Na ukicheza ngoma yao usiku mmoja, huenda ukatoka ukakuta wanao wamezeeka. Ukiogopa, shika chuma. Wakikutendea jambo jema, liko la kulipa. Ukiwatendea ubaya, liko la kulipa zaidi. Yaani hii ilikuwa sheria ya ardhi na ya ujirani, iliyoandikwa katika hadithi kwa kuwa watu hao hawakuwa na mahali pengine pa kuiandika.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, basi nitaachwa nikae kidogo kwenye wimbo mmoja wa masimulizi wa Scotland unaoitwa Tam Lin. Jina la hadithi yake limetajwa katika kitabu cha mwaka 1549, na Robert Burns alitoa nakala yake ikapigwa chapa mwaka 1796. Msichana aitwaye Janet anakwenda Carterhaugh, mahali walipokatazwa wasichana wote, anachuma waridi, na mara anatokea kijana anayemuuliza kwa nini amechuma bila ya ruhusa yake. Janet anajibu kwamba mahali pale ni mali yake, amepewa na baba yake. Tazama jinsi wimbo unavyoanza: kwa ugomvi wa shamba. Janet anarudi nyumbani ana mimba. Anapokwenda tena kumwuliza kijana kama yeye ni mtu au si mtu, anaambiwa kwamba ni mtu, aliyeanguka kutoka juu ya farasi na malkia wa vichimbakazi akamchukua. Nchi ya malkia ni nzuri, asema, ila kila baada ya miaka saba hulipa zaka motoni, na zaka hiyo ni roho. Mwaka ule anahofu kwamba zamu ni yake.

Basi usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, Janet anasimama peke yake njia panda, anawaacha farasi weusi na wekundu wapite, anamvuta mpanda farasi mweupe chini, na kumkumbatia. Mikononi mwake kijana anageuka mjusi wa majini, anageuka nyoka, dubu, simba, chuma chekundu cha moto, mwisho kaa linalowaka. Janet haachii. Analitupa kaa kisimani, na anayetoka ni mtu aliye uchi, naye anamfunika kwa joho lake la kijani. Malkia, kwa uchungu, anasema kwamba lau angalijua, angaling'oa macho ya kijana na kumtia macho ya mti.

Nimewasomea vijana wa kidato cha tatu hadithi hii kwa Kiswahili changu cha haraka, nao hawakuuliza mabawa yako wapi. Waliuliza kama mikono ya Janet iliungua. Hapana ubeti unaotuambia. Wimbo unatuachia chuma kile tukishike wenyewe. Kila kitu ndani yake kina bei, na bei hulipwa na mwili wa mtu. Hata malkia si mwovu wa kuchorwa kwa makaa: yeye naye ana mkubwa wa kumlipa, ameporwa mali yake, na hasira yake ni ya mwenye hasara.

Sasa hapana budi nizuie kalamu, maana ni rahisi mno kwa mtu wa makamo kuyasifu ya kale. Imani iliyozaa wimbo ule ilizaa na jambo jingine. Katika nchi hizo watu walisadiki kwamba vichimbakazi huiba watu, hasa watoto wachanga na wanawake vijana, na kuacha badali mahali pao: kiumbe mwenye sura ileile lakini mgonjwa, mlegevu, mwenye hasira, asiyeshiba. Mwalimu wa leo akiisoma orodha ya dalili za badali ataona humo mtoto aliyezaliwa na ulemavu, mama aliyezidiwa na huzuni baada ya uzazi, kijana mwenye kifua kikuu. Dawa ilikuwa kumtesa badali ili wenzake waje kumchukua na kumrudisha yule wa kweli.

Bridget Cleary alikuwa mshonaji wa nguo katika kijiji cha Ballyvadlea, wilaya ya Tipperary, Ireland. Alikuwa na cherehani yake, alifuga kuku, aliuza mayai, na umri wake ulikuwa miaka 26. Mwezi wa Machi 1895 aliugua homa na kifua. Mumewe, Michael Cleary, fundi wa mapipa, alianza kusema kwamba mwanamke aliye kitandani si mke wake: ni mrefu kuliko mke wake, ni mzuri zaidi. Usiku wa tarehe 14, mbele ya baba mzazi wa Bridget, shangazi yake na binamu zake, alinyweshwa kwa nguvu dawa za majani zilizochemshwa kwa maziwa, akashikiliwa mbele ya moto wa jikoni, akaulizwa kwa jina la Mungu kama yeye ndiye Bridget. Alijibu kwamba ndiye. Usiku uliofuata mumewe alimwamuru ale vipande vitatu vya mkate, na kwa kila kipande aseme jina lake. Alikula viwili. Kwa kuchelewa kipande cha tatu aliangushwa chini, akamwagiwa mafuta ya taa, akaungua. Mwili wake ulipatikana tarehe 22 umefukiwa katika shimo fupi. Siku zile za katikati mumewe alikuwa akikesha kwenye boma la udongo la kale, amechukua kisu, akimngojea mkewe wa kweli apite juu ya farasi mweupe ili amvute chini.

Msomaji amekwisha kuona alikolitoa. Ni tendo la Janet. Hadithi iliyomwokoa Tam Lin ndiyo iliyomkesheza Michael Cleary bomani wakati mkewe yu ardhini. Alihukumiwa kwa kuua bila ya kukusudia, akapewa miaka 20, akafunguliwa mwaka 1910. Magazeti ya London yaliandika sana juu ya ujinga wa Waayalandi, katika mwaka uleule ambao suala la nchi hiyo kujitawala lilikuwa bado bichi Bungeni, na haikosi kwamba wako waliofurahi kuipata habari hiyo. Nasi tusijiweke pembeni. Tumewazika vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitoka kwenye moshi wa meko.

Kwa hiyo simo kati ya wale wanaoulaumu mchezo wa kuigiza na sinema kwa kuiua imani. Imani ya namna ile ikifa, na ife. Lawama yangu ni nyingine, na ili niieleze sina budi kurudi nyuma kidogo nitazame jinsi jirani alivyopunguzwa kimo.

Shakespeare, ambaye wasomaji wetu wamemfahamu kwa Kiswahili kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, anasimama hasa penye njia panda ya jambo hili. Mchezo wake wa A Midsummer Night's Dream, ulioandikwa mnamo 1595 au 1596, una vichimbakazi wa vipimo viwili. Watumishi wao wakiogopa hujificha ndani ya kikombe cha kokwa. Lakini malkia Titania ana kimo cha kumkumbatia mfumaji aliyetiwa kichwa cha punda. Tena uzito wa kale bado upo. Mfalme na malkia wanagombea mtoto mmoja wa Kihindi, na kwa ajili ya ugomvi wao mito inafurika, nafaka inaoza shambani, na majira yanapoteza mpangilio. Mvua ziliharibu mavuno ya Uingereza katikati ya miaka hiyo ya 1590, na mtazamaji aliyelipa senti yake mlangoni hakuhitaji kuelezwa. Ndugu walimu wanaofundisha mchezo huu kama mzaha wa mapenzi tu wanaruka ukurasa wenye njaa ndani yake.

Waliomfuata walichukua kikombe cha kokwa wakaiacha njaa. Michael Drayton, mwaka 1627, alitunga shairi refu la kuchekesha ambamo shujaa wa vichimbakazi anakwenda vitani amempanda mdudu. Ufaransa nayo, mwaka 1697, Madame d'Aulnoy na Charles Perrault waliwaingiza katika sebule za wakubwa, wakawa mabibi wa ukoo bora wanaotoa zawadi kwenye ubatizo na magauni ya kuendea dansi. Mwaka 1798 mchoraji Thomas Stothard aliwabandika mabawa ya kipepeo viumbe wa hewani wa shairi la Alexander Pope. Mwaka 1832 mjini Paris, katika dansi ya jukwaani iitwayo La Sylphide, Marie Taglioni alicheza kwa ncha za vidole akiwa na mabawa madogo mgongoni, na mandhari ya mchezo huo ni Scotland, nchi ya Kirk. Nusu ya sura tuijuayo leo ilitoka kwa fundi wa mavazi.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilipigwa London tarehe 27 Desemba 1904, usiku wa kwanza wa mchezo wa J. M. Barrie uitwao Peter Pan. Sisemi kwamba ni mchezo mbaya. Ni kazi ya mtu hodari mno. Ndani yake yumo Tinker Bell, ambaye jukwaani hakuwa mtu bali doa la mwanga na sauti ya kengele. Amekunywa sumu, mwanga wake unafifia, na Peter anawageukia watazamaji na kuwaomba, kama wanaamini kuwa vichimbakazi wapo, wapige makofi. Inasimuliwa kwamba Barrie alihofu ukumbi utakaa kimya, akawaagiza wapiga muziki wawe tayari kuanza. Hawakuhitajika.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi tendo moja la jukwaani linavyoweza kupindua karne za fikira, achukue makofi hayo. Kule Aberfoyle mtu aliishi au alikufa kwa hiari ya jirani wa kilimani, aamini asiamini. Hapa jirani anaishi au anakufa kwa hiari ya mtoto aliyekatiwa tikiti. Deni limegeuzwa. Tangu usiku ule kichimbakazi hadai, anaomba. Na anayeomba kupendwa hawezi tena kumwambia mtu usipite hapa.

Haikupita muda mrefu ikaonekana kwamba kiumbe aliyefikia hali hiyo aweza kukatwa kwa mkasi. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, karibu na Bradford, wasichana wawili, Elsie Wright wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths wa miaka 9, aliyekuwa ametoka Afrika Kusini mwaka huo, walipiga picha kando ya kijito. Katika picha Frances anatazama mbele, na mbele yake wanacheza viumbe wadogo wenye mabawa. Picha zilikuja kuwa tano, na katika Desemba 1920 Arthur Conan Doyle, yuleyule aliyembuni Sherlock Holmes, mpelelezi asiyedanganyika, alizitoa katika gazeti la Strand kuwa ni ushahidi wa kweli. Miaka miwili baadaye alizitungia kitabu. Wachokozi walisema kwamba nywele za vichimbakazi hao zimetengenezwa kwa mtindo wa Paris. Elsie na Frances walinyamaza hadi mwaka 1983, walipokuwa vikongwe, ndipo wakakiri: walikuwa wamenakili vielelezo vya kitabu kimoja cha watoto cha wakati wa vita, wakavikata, wakavisimamisha kwa pini za kofia. Hata hivyo Frances alishikilia mpaka kufa kwamba ile picha ya tano ni ya kweli. Na katika kitabu kile walichonakili ilikuwamo pia hadithi ya Conan Doyle mwenyewe.

Watu hucheka hapa. Mimi sikucheka sana. Conan Doyle alikuwa amempoteza mwanawe mwaka 1918, na nchi nzima ilikuwa imejaa wazazi wa aina yake; aliyetaka mlango wa upande wa pili uwe wazi hata kwa upana wa bawa la kipepeo alikuwa na sababu zake. Linalonishangaza ni jambo jingine. Kirk aliandika yaliyosemwa na wachungaji wa ng'ombe. Conan Doyle, mtu aliyesoma kuliko Kirk, aliletewa vielelezo vya kitabu cha zawadi akavipokea kama habari kutoka kilimani. Burudani ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya mila kiasi kwamba ilipoulizwa mila, ilijibu burudani, na hakuna aliyeitambua sauti.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana kila mwenye televisheni anayajua. Michoro ya vichimbakazi wa maua ya Cicely Mary Barker ilianza kutoka mwaka 1923. Walt Disney alitoa Peter Pan mwaka 1953, na Tinker Bell akapata mwili wa msichana; tangu 2005 kampuni hiyo ikamjengea ukoo mzima wa vitabu na wanasesere, na mwaka 2008 filamu yake mwenyewe. Italia ilitoa katuni ya Winx Club mwaka 2004. Nimeketi na wajukuu wa ndugu yangu nikazitazama hizi kwa uaminifu. Zina rangi nzuri, na zina mafunzo ya urafiki ambayo hayamdhuru mtoto. Lakini jaribu kuuliza: viumbe hawa wanadai nini? Mtu akiwaudhi, itakuwaje? Hamna. Wanafanya kazi ya kupaka rangi majani na kuamsha maua, kama idara yenye watumishi wengi, na hakuna raia anayefika dirishani na malalamiko. Mimi nimekaa upande wa pili wa dirisha hilo miaka thelathini, wala sijapata kuiona idara ya namna hiyo.

Hiyo ndiyo lawama yangu. Imani iliyomuua Bridget Cleary ingeweza kutupwa na uzito wa hadithi ukabaki. Mshairi hahitaji kuamini kwamba Janet alishika chuma cha moto. Anahitaji chuma hicho kiwe cha moto. Waliowapa vichimbakazi mabawa walitupa vyote viwili pamoja, wakatuambia kwamba kilichosalia ndicho cha watoto, kana kwamba mtoto ndiye asiyejua kuogopa.

J. R. R. Tolkien alilisema hili mapema. Katika mhadhara aliousoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939 aliwalalamikia wale wadogo wa mauani, na katika riwaya zake kubwa za 1954 na 1955 aliwarudishia watu wake wa msituni kimo na huzuni. Susanna Clarke, katika riwaya yake ya mwaka 2004 juu ya Jonathan Strange na Bwana Norrell, alimrudisha yule bwana mwenye adabu nyingi ambaye ukikubali fadhila yake huamki tena umepumzika. Riwaya za mapenzi zenye mabwana wa kichimbakazi, ambazo tangu 2015 zimejaa madukani kwa jina la Sarah J. Maas na wengineo, zimewarudishia kimo tu. Disney nao, kwa haki lazima isemwe, katika filamu ya Maleficent ya mwaka 2014, walikumbuka kwamba chuma humwunguza kichimbakazi. Mwanamume anamlevya na kumkata mabawa ili apate kiti cha ufalme, na kwa dakika chache katika filamu hiyo kuna deni, halisi na zito. Kisha inakuja vita ya mwisho na nyimbo, likasamehewa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya mtu wa Mexico, Guillermo del Toro, aliyeitoa mwaka 2006 kwa Kihispania, na kwa Kiingereza inajulikana kwa jina la Pan's Labyrinth. Mahali ni Hispania, mwaka 1944; vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, na kapteni mmoja wa jeshi la Franco anawasaka waliobaki msituni. Msichana aitwaye Ofelia amehamia kwa kapteni huyo pamoja na mama yake mjamzito. Usiku anaingia chumbani mdudu mrefu, mkavu, mithili ya kijiti chenye miguu. Ofelia anamwuliza kama yeye ni kichimbakazi, na kumwonyesha picha katika kitabu chake: kiumbe mdogo mwenye mabawa. Mdudu anaitazama picha, anajitazama, kisha anajikunja na kujinyoosha hadi anafanana nayo. Sijaona uhakiki wa jambo hili uliofupishwa vizuri kuliko hivyo. Mabawa ni ya kitabu. Kilichoyavaa kilikuwapo kabla ya kitabu, na kimeyavaa kwa adabu, kwa kuwa mtoto ameyaomba.

Baadaye Ofelia anatumwa chini ya ardhi, katika chumba chenye meza iliyojaa vyakula, na mlinzi wake ameketi hana macho usoni, macho yake yamewekwa kwenye sahani. Ameonywa asile kitu. Vichimbakazi watatu wanaomwongoza wanamzuia, wanamvuta mkono, wanapiga kelele. Msichana amelazwa na njaa kwa adhabu ya mama yake. Anachuma zabibu moja, anaila, anachuma ya pili. Mlinzi anayapachika macho yake katika viganja, anasimama, anawakamata vichimbakazi wawili, na kuwang'ata vichwa. Zabibu zilikuwa mbili.